Chumvi, nyufa na ukungu: dhana potofu kuhusu kuta za nyumba za Pwani

Ukuta wa nje wa nyumba ya Pwani, iwe Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja au Mtwara, hauharibiki kwa siku moja. Rangi huvimba kwanza, unga mweupe ukachomoza, kona ikaota ukungu. Dalili hizi tumezizoea mno, na kila moja tuna jibu lake la haraka tulilolipata kwa jirani au kwa fundi aliyetaka kumaliza kazi aende zake. Mengi ya majibu hayo ndiyo yanayozidi kuiumiza nyumba, na wanaolipa gharama ni watu waliojinyima miaka ili wapate kujenga.

"Rangi ilikuwa mbovu, tupake nyingine"

Hii ndiyo inayokula pesa za watu kuliko zote. Rangi ikibanduka karibu na sakafu, na chini yake kukawa na unga mweupe wenye ladha ya chumvi, usiilaumu rangi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali na lipu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na yanapanda na chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Punje zake zikikua ndani ya vitundu vya lipu huisukuma mpaka imong'onyoke.

Sasa ukipaka rangi ya mafuta juu ya hapo, umeyafungia maji mlango wa kutokea. Yatatafuta mwingine juu zaidi, na doa lililokuwa usawa wa goti utaliona usawa wa kiuno. Vigae vya ukutani ni vivyo hivyo: vinaficha, haviponyi.

Angalia pia doa linabadilikaje kutwa nzima. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapovuka takriban asilimia 75, na alfajiri nyingi za Pwani huvuka hapo. Ndiyo maana kuna kuta zinazoonekana zimelowa asubuhi, zikakauka adhuhuri, na usiku zikalowa tena, bila mvua wala bomba kupasuka. Mwenye nyumba anaita fundi bomba, sakafu inavunjwa, na bomba linakutwa zima. Maji ya bomba lililopasuka hayaji na kuondoka kwa kufuata jua.

Chumvi hiyo usiioshe kwa maji, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Ikwangue kwa brashi kavu, izoe, kaitupe mbali na msingi. Lipu iliyokwisha kushiba chumvi haina dawa: inabanduliwa mpaka kama nusu mita juu ya doa, lakini baada ya njia ya maji kuzibwa, si kabla.

"Unyevu wote unatoka chini"

Umbo la doa ndilo litakalokwambia. Mstari wa kulala unaozunguka nyumba nzima usawa mmoja, huo kweli ni wa ardhini. Uliza kama msingi uliwekewa ile nailoni ya DPC, inayolazwa chini ya ukuta kuzuia maji ya ardhini yasipande. Kisha toka nje uangalie kitu ambacho wengi hawakiangalii: uwanja umepanda kiasi gani tangu nyumba ijengwe? Kifusi kimemwagwa, mchanga umeletwa na mvua, barabara imenyanyuliwa, mwenyewe umemwaga zege la kibaraza. Udongo ukishaipita nailoni, maji yanaingia kwa juu yake na nailoni haina kazi tena. Hapo dawa ni sururu na koleo, si ndoo ya rangi.

Doa lililo chini ya dirisha peke yake linatokana na kizingiti kisicho na mchirizi upande wa chini, maji ya mvua yakawa yanarudi ukutani badala ya kudondoka. Doa linaloshuka kutoka juu ni gata lililoziba majani, au paa la zege lisilo na mteremko, au tangi linalofurika usiku watu wamelala. Ukuta unaotazama kusi huanza kuchoka kabla ya wenzake, kwa kuwa mvua za masika huupiga za ubavu.

Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pande zote nne kwa gundi ya karatasi, ukiache siku nzima. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ndani ya ukuta. Yakiwa usoni kwa nje, ni mvuke wa chumbani, na pengine kinachohitajika ni dirisha kufunguliwa. Ukungu mweusi nyuma ya kabati mara nyingi ni wa aina hii. Utauua kwa klorini na utarudi ikiwa hewa bado haipiti.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Kwa nyumba ya tofali za saruji, piga lipu ya saruji, hakuna ubishi. Tatizo ni nyumba za mawe ya matumbawe, zile za Mji Mkongwe, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, Pangani na Bagamoyo. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi, zimejengwa kwa mawe laini yenye vitundu yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Kuta hizo hunywa maji na kuyatoa. Ndivyo zilivyokusudiwa kuishi.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na haipitishi mvuke kirahisi. Ukuta unaposogea kidogo kwa joto na unyevu, lipu ya saruji haiwezi kuufuata, inafanya nyufa nyembamba. Mvua inaingia kwenye nyufa hizo na haina pa kutokea. Miaka michache baadaye lipu inaanguka kwa mapande makubwa. Okota pande moja uligeuze: mgongoni utakuta chokaa iliyogeuka unga na vipande vya tumbawe vilivyong'ang'ania. Lipu haikuanguka peke yake, imeondoka na uso wa ukuta.

Kabla pande la lipu halijaanguka unaweza kulisikia. Gonga kwa konzi, sehemu kwa sehemu, kutoka chini kwenda juu. Palipo salama pana sauti nzito iliyojaa. Palipoachana panalia utupu. Zungushia kwa chaki.

Anayesema chokaa ni dhaifu aende Kilwa Kisiwani akaitazame Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kale la sultani. Ni kazi ya matumbawe na chokaa ya karne nyingi kabla saruji ya Portland haijapewa hataza Uingereza mwaka 1824, na kuta zake hazina paa la kuzikinga. Mafundi wa chokaa bado wapo Unguja na Lamu. Kwa Mji Mkongwe, pita kwanza kwenye Mamlaka ya Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1985, ukaombe kibali na ushauri.

"Ni ufa wa lipu tu"

Inawezekana. Nyufa nyembamba zilizosambaa ovyo ni lipu iliyokaushwa haraka bila kumwagiliwa. Lakini ufa ulionyooka kwenye nguzo, bimu au chini ya roshani, wenye mchirizi wa rangi ya kutu, ni jambo jingine kabisa. Zege hulinda nondo, na chumvi huuvunja ulinzi huo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili hadi sita, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Mara nyingi chanzo ni nondo iliyokaa karibu mno na uso, kwa kuwa vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti havikuwekwa. Kuziba ufa huo kwa saruji ni kuficha ugonjwa. Zege bovu lichimbwe mpaka nyuma ya nondo, nondo isafishwe, na ikiwa imekonda aitwe mhandisi.

Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali nao si wa lipu, ni msingi unaozama.

"Nyumba yangu iko mbali na bahari"

Chumvi haihitaji upepo ili ifike kwako. Inakuja kwa lori, ndani ya mchanga wa ufukweni uliouzwa kwa bei rahisi, na kwa maji ya kisima cha chumvi yaliyochanganyia zege. Kabla ya kupokea mchanga, tia punje ulimini. Kabla ya kutumia maji ya kisima, yaonje.

"Imesimama miaka mia, haianguki leo"

Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe wa Unguja, ilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Umri wa nyumba hauthibitishi kwamba ni salama, na ukuta kukauka wakati wa kaskazi hauonyeshi kuwa umepona. Kaskazi ni nafasi tu ya kufanya kazi kabla ya masika.

Katika nyumba za mawe, kagua vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, hasa chini ya bafu na penye paa linalovuja. Chomeka bisibisi. Ikigoma, boriti ni nzima. Ikizama bila kupingwa, mti umeoza ndani ya ukuta hata kama sehemu ya chumbani inang'aa. Siku hiyohiyo hamisha wanaolala chini yake, simamisha miti ya kuegemeza dari, na usimruhusu mtu kubandua lipu ya ukuta huo mpaka uzito umeshikwa.