Dawa ya Sonona Haitengenezi Serotonini: Inachofanya Hasa Kichwani na Tumboni

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, dirisha letu la taarifa za dawa hospitalini hupata wageni wengi kuliko kawaida. Mwaka huu malalamiko mawili yamezidi mengine yote. La kwanza: "Nimemeza wiki nzima, sioni kitu." La pili: "Nimeacha juzi, sasa kichwa kama kinapigwa shoti." Anayeleta la kwanza akiondoka bila maelezo, mara nyingi hurudi baadaye na la pili.

Sitaeleza sonona ni nini, wala kwa nini si uvivu au upungufu wa imani. Hilo limesemwa sana, na msomaji wa ukurasa huu analijua. Nataka nizungumzie serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka taarifa kati ya seli, kwa sababu kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye WhatsApp unaoiita "homoni ya furaha" na kumshauri mgonjwa ale ndizi mbivu asubuhi na jioni badala ya vidonge. Kweli ndizi ina serotonini. Lakini serotonini ya chakula haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Inaishia tumboni na kwenye damu. Ubongo hujitengenezea ya kwake kutokana na triptofani, kirutubisho kilichomo kwenye mayai, samaki, maharage na vyakula vingine vingi vya protini. Ndizi tule, ni tunda zuri. Tusimwachishe mtu dawa kwa ajili ya ndizi.

Kemikali hii haikugunduliwa kwenye ubongo. Katika miaka ya 1930 Mwitaliano Vittorio Erspamer aliipata kwenye seli za utumbo. Mwaka 1948 watafiti wa Cleveland, Marekani, waliitenga kutoka kwenye majimaji ya damu wakitafuta kitu kinachokaza mishipa, na jina serotonini likatokana na kazi hiyo. Ilipofika 1953 ndipo Betty Twarog na Irvine Page walipoonyesha kwamba imo pia kwenye ubongo. Hadi leo hesabu iko vilevile: takriban asilimia 90 au zaidi ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, na iliyo kwenye ubongo ni sehemu ndogo sana. Ukishika jambo hilo, maudhi mengi ya dawa za sonona hayatakushangaza tena.

Serotonini ya ubongo hutengenezwa na seli chache zilizojikusanya kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo. Ni chache, lakini mikia yao imetandaa karibu kila kona ya ubongo: panapohusika usingizi, hamu ya kula, hofu, maumivu na hisia. Seli inapotaka kupeleka taarifa kwa jirani yake humwaga serotonini kwenye mwanya mwembamba ulio kati yao. Serotonini hugusa vipokezi vya seli ya pili, taarifa inapita, kisha kisafirishi kilicho kwenye seli ya kwanza huinyonya na kuirudisha ndani ili itumike tena. Hebu fikiria pampu inayorudisha maji kwenye simtanki. Dawa za sonona kama fluoksetini, setralini, sitalopramu na paroksetini huziba pampu hiyo. Hazileti boza la maji mapya. Maji yaleyale yaliyomwagwa yanakaa muda mrefu zaidi kwenye mwanya, na taarifa inasikika zaidi.

Sasa, malalamiko ya wiki nzima. Pampu huanza kuzibwa ndani ya saa chache baada ya kidonge cha kwanza, na kwa dozi ya kawaida takriban asilimia 80 ya visafirishi hushikwa. Kwa nini basi nafuu huja baada ya wiki mbili, nne, hata sita? Kwa sababu seli zinazomwaga serotonini zina breki yao. Juu yake kuna vipokezi vinavyopima kiasi kilichomwagwa, na vikihisi kimezidi huiamuru seli ipunguze kasi. Kwa hiyo siku za mwanzo dawa inaongeza huku na breki inapunguza kule. Inachukua wiki kadhaa breki hiyo kulegea. Katika muda huohuo seli huanza kurekebisha miunganiko yao, jambo ambalo kwa asili ni la polepole. Dozi ya siku ya saba inafanya kazi hata kama mgonjwa hahisi kitu. Anayeongeza vidonge viwili badala ya kimoja siku ya saba haharakishi chochote, anaongeza kichefuchefu.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kama upungufu wa damu ulivyo. Maelezo hayo tuliyarahisisha mno sisi wataalamu wenyewe kwa miaka mingi, na mwaka 2022 mapitio makubwa ya tafiti yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff wa Uingereza yalihitimisha kuwa hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini kuwa chini. Ni sahihi kuyasoma. Si sahihi kuyatumia kumwambia mgonjwa atupe dawa, kama wanavyofanya baadhi ya watu mtandaoni. Homa haisababishwi na upungufu wa paracetamol, na bado paracetamol hushusha homa. Swali la dawa inasaidia au haisaidii hujibiwa kwa majaribio, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na dawa 21. Zote 21 zilizidi kidonge kisicho na dawa. Kwa wengi tofauti ni ya wastani, kwa baadhi ni kubwa, na wapo ambao dawa ya kwanza haiwafai kabisa, ikabidi daktari abadilishe.

Tushuke tumboni. Kwa kuwa serotonini nyingi iko kule, kichefuchefu, kuharisha na tumbo kunguruma ndiyo maudhi ya kwanza kwa wengi. Kumeza baada ya chakula husaidia, na kwa kawaida hali hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Maudhi mengine ni jasho, kichwa kuuma, usingizi kupungua, na kupungua kwa hamu au uwezo wa tendo la ndoa. Hili la mwisho wagonjwa hawalisemi, wanaume kwa wanawake, wanaacha dawa kimyakimya. Naomba mlitaje. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa, lakini hawezi kutibu asichoambiwa. Kwa wazee kuna pia kushuka kwa chumvi ya sodiamu kwenye damu: mzee aliyeanza dawa karibuni akachanganyikiwa au kuanza kuanguka-anguka apelekwe kupimwa, familia isiseme ni uzee.

Kisha kuna damu. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, hazitengenezi serotonini. Huinyonya kutoka kwenye damu kwa kisafirishi kilekile kilicho kwenye ubongo, na huitumia wakati wa kugandisha damu. Dawa ikiziba kisafirishi, akiba yao hupungua. Peke yake jambo hili huwasumbua watu wachache. Ukiongeza dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, au warfarini inayozuia damu kuganda, hatari ya kutokwa damu tumboni hupanda. Hapa lazima niseme wazi: diklofenaki si peremende. Inanunuliwa mbilimbili kwa maumivu ya mgongo na wanunuzi hawataji dawa nyingine wanazotumia, na muuzaji haulizi. Mgonjwa akiona choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Hatari nyingine kubwa ni serotonini kuzidi mwilini, na chanzo chake mara nyingi ni kuchanganya dawa. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia, tumbo linaharisha, misuli inakaza na kurukaruka, mtu anahangaika na joto linapanda. Huanza ndani ya saa chache baada ya kuongezwa dawa mpya au kuongezwa dozi, na inaweza kuua. Inafanana na malaria kali kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza muda akisubiri kipimo cha malaria. Tramadoli, dawa ya maumivu, iko mbele kwenye orodha ya wahusika, na tunajua inavyomezwa ovyo na vijana na madereva wa safari ndefu. Wapo pia pethidini, dekstromethofani iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, na linezolidi.

Linezolidi nataka niikalie kidogo, kwa sababu inagusa wagonjwa wetu wa kifua kikuu sugu, wale wanaotibiwa hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, na kwenye vituo vingine. Ni antibiotiki, lakini pia huzuia kwa kiasi kimeng'enya kinachovunja serotonini. Historia ina mambo: mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za sonona, iproniazidi, ilitokana na kifua kikuu. Mwaka 1952 katika hospitali ya Sea View, Staten Island, waganga waliona wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa hiyo wanachangamka na kupata hamu ya kula kuliko ilivyotarajiwa. Baadaye ikajulikana inazuia kimeng'enya hichohicho. Basi mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetumia dawa ya sonona aiseme kabla ya kuanzishiwa linezolidi, na asiseme tu "niliacha mwezi uliopita". Fluoksetini na mabaki yake hukaa mwilini hadi wiki tano baada ya kidonge cha mwisho.

Hapo ndipo penye jibu la ile shoti ya kichwani. Paroksetini hupungua mwilini kwa nusu ndani ya takriban siku moja, hivyo anayeiacha ghafla huona kizunguzungu, ndoto za kutisha, hasira, kichefuchefu na ile hali ya umeme kichwani ndani ya siku mbili tatu. Fluoksetini hujishusha yenyewe polepole, hivyo huwa na nafuu upande huo. Hii si ulevi. Mgonjwa hatamani dawa, haongezi dozi ili alewe. Ni vipokezi vilivyozoea hali fulani vinavyohitaji muda wa kurudi. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya daktari, kwa wiki na wakati mwingine miezi, na aliyepona kwa kawaida huendelea na dawa miezi sita au zaidi baada ya nafuu ili ugonjwa usirudi. Mjamzito naye asiache kwa uamuzi wake au wa mama mkwe. Aende kliniki akapimiwe faida na hatari.

Neno kwa wenye amitriptilini. Wengi wenu mmeandikiwa miligramu 10 au 25 usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto inayotokana na kisukari, mkasoma kwenye simu kwamba ni dawa ya sonona, mkarudi mmekasirika kwamba daktari amewaona wagonjwa wa akili. Sivyo. Dawa hiyo huziba urejeshaji wa serotonini na noradrenalini, na kemikali hizo hizo hutumika kwenye njia za uti wa mgongo zinazopunguza maumivu. Inakausha mdomo, inaleta usingizi na kufunga choo. Ikizidi inaharibu mapigo ya moyo, kwa hiyo ikae mbali na watoto, na isiachwe nyingi ndani ya nyumba yenye mtu aliyetaja kujidhuru.

Kuhusu vijana chini ya miaka 25: tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kwenye dawa hizi kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 likapanuliwa hadi miaka 24, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo. Mzazi amwangalie kijana kwa karibu mwezi wa kwanza na ahudhurie naye kliniki. Vilevile mtu aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali usingizi, anatumia fedha hovyo, amwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa peke yake inaweza kumrudisha huko.

Utaratibu sasa. Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Cheti kinachokubalika kina jina kamili la mgonjwa, umri, tarehe, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, namna ya kumeza, idadi ya siku, pamoja na jina na saini ya aliyeandika na kituo chake. Picha ya boksi tupu kwenye simu si cheti. Cheti cha jirani mwenye "dalili kama zangu" si cheti. Mfamasia akikukatalia, hakudharau. Anafuata Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na maadili ya taaluma yanayosimamiwa na Baraza la Famasi. Mtaalamu anayekiuka anaweza kuitwa mbele ya Baraza, kupewa onyo, kusimamishwa au kufutwa kwenye daftari, na duka linaweza kufungiwa. Ukija kuchukua dawa ya mwezi unaofuata, njoo na daftari lako la kliniki na boksi la zamani, na uje siku tano kabla vidonge havijaisha, kwa sababu dawa ikikosekana kwenye stoo tunahitaji siku hizo kuitafuta. Kuja siku ya mwisho jioni ndiko kunakowapatia watu ile shoti.

Ukipata madhara usiyoyatarajia, toa taarifa. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuripoti kupitia kituo au kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka. Taja jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye boksi, namba ya toleo, tarehe uliyoanza kumeza, dawa nyingine zote ulizotumia wiki hizo pamoja na za mitishamba, na kilichotokea. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo. Shaka inatosha, uchunguzi ni kazi yetu. Vidonge vilivyobaki baada ya kubadilishiwa dawa virudishe famasi vikiwa kwenye pakiti yake. Visimwagwe chooni, na asipewe shemeji anayelalamika kukosa usingizi.