Kantri mbadala ni nini? Hadithi ya Uncle Tupelo

Tukisema nishati mbadala au tiba mbadala, tunamaanisha kitu kinachoshika nafasi ya kile kilichozoeleka. Kwenye muziki wa kantri neno hilo limekaa kinyumenyume. Waliobandikwa jina la kantri mbadala, au alt-country kama Wamarekani wanavyolifupisha, ndio waliokuwa wakifukua nyimbo za miaka ya 1930. Waliobaki na jina la kantri tupu walikuwa Nashville, mji wa Tennessee ulio makao ya biashara ya kantri, kwenye viwanja vikubwa vyenye taa na moshi wa jukwaani. Kwa hiyo anayetafuta mlio mmoja wa kantri mbadala atatafuta mpaka achoke. Jina hili halitaji mlio. Linataja ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni rahisi kuuelewa kwa mtu aliyekulia Kenya au Tanzania, kwa sababu pande zote mbili zimewahi kufika kwetu. Jim Reeves, anayependwa mpaka leo na wazee wengi wa Kenya, ni kantri ya Nashville ya kipindi ilipolainishwa: fidla nyingi za nyuma, waitikiaji wapole, sauti isiyo na mikwaruzo. Lakini kabla yake alikuwapo Jimmie Rodgers, mtu na gitaa lake. Sahani zake za santuri zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipokwenda huko kurekodi aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha. Ndilo jina la Jimmie Rodgers likitamkwa Kikipsigis, na katika wimbo huo amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Sasa, kantri mbadala inasema hivi: Chemirocha ndiye mwenye nyumba, na huyo mlaini ni mpangaji.

Kauli hiyo haikuanza miaka ya tisini. Mwaka 1968 mwimbaji Gram Parsons aliwavuta The Byrds, bendi ya roki, wakarekodi albamu ya kantri, Sweetheart of the Rodeo. Miaka ya themanini kulikuwa na vijana wa panki, roki ya haraka na ya kelele, waliovaa kofia za wachunga ng'ombe. Lakini bendi iliyoifanya dhana hii ipate jina ilitoka Belleville, Illinois, mji uliojengwa kwa makaa ya mawe na viwanda, ng'ambo ya mto Mississippi ukitokea St. Louis.

Jay Farrar na Jeff Tweedy walifahamiana shuleni. Walianza na panki, wakipiga haraka na kwa kelele, na mwaka 1987 wao wawili pamoja na mpiga dramu Mike Heidorn wakawa Uncle Tupelo. Farrar alikuwa na gitaa na sauti nzito ambayo ungedhani ni ya mtu wa miaka hamsini. Tweedy alikuwa kwenye besi, akiimba kwa sauti nyembamba yenye mashaka. Nadhani nusu ya siri yao ilikuwa hapo, katika sauti mbili zisizofanana hata kidogo zikigombea wimbo mmoja.

Albamu ya kwanza, No Depression, ilitoka mwaka 1990 kwenye kampuni ndogo ya Rockville. Waliirekodi kwa siku kumi hivi katika studio ya Fort Apache, Boston. Wimbo wa kwanza, Graveyard Shift, unahusu kazi ya zamu ya usiku. Unakwenda mbio, unasimama ghafla, unaanza tena, kama lori linalobadilisha gia mlimani. Katika Whiskey Bottle beti zinaanza polepole, gitaa la chuma lile la kulazwa likilia nyuma, kisha kiitikio kinalipuka kwa magitaa ya umeme. Hawakuchanganya kantri na panki kama maziwa na chai. Waliviweka kando kwa kando ndani ya wimbo mmoja, ukasikia mahali vilipounganishwa. Na ukiyasikiliza maneno, utaona kwa nini viliungana: vyote viwili viliimba juu ya watu wa mshahara mdogo, pombe, na miji ambayo kazi zimeikimbia.

Jina la albamu hiyo linahitaji ufafanuzi, maana huwapotosha wengi. Depression hapa si ugonjwa wa sonona. Ni mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya thelathini. Mwaka 1936 Carter Family, familia ya waimbaji kutoka milima ya Virginia, walirekodi wimbo wa dini unaosema kwamba mbinguni hakuna mdororo huo. Vijana wa Belleville waliuimba upya miaka 54 baadaye, katika mji uliokuwa na shida zake. Hawakuubeza na wala hawakuutia kelele.

Albamu ya pili, Still Feel Gone, ikafuata Septemba 1991, ngumu zaidi, ikiwa na wimbo wa kumkumbuka D. Boon, mpiga gitaa wa bendi ya panki ya Minutemen aliyefariki kwa ajali. Mwezi huo huo bendi ya roki ya Nirvana walitoa albamu ya Nevermind, na baada ya muda mfupi kila kampuni ya kurekodi Marekani ilikuwa ikisaka magitaa ya kelele. Bendi yenye akili ya biashara ingeongeza sauti. Uncle Tupelo walizima umeme. Walikwenda Athens, Georgia, kwa Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi ya R.E.M., wakarekodi kwa siku tano albamu nzima ya magitaa makavu, mandolini na banjo. Tarehe za kazi ndizo zikawa jina lake: March 16–20, 1992. Humo mna nyimbo za jadi za wachimba makaa na wapika gongo wa milimani, mna nyimbo za kanisa, na mna nyimbo zao wenyewe. Mtu asiyesoma kasha atashindwa kutambua ipi ni ya nani. Kwangu mimi hii ndiyo albamu inayoieleza dhana nzima, ingawa haina roki hata chembe.

Heidorn aliondoka mwaka huo, akachagua familia. Wakaingia Ken Coomer kwenye dramu, John Stirratt kwenye besi, na Max Johnston mwenye fidla na banjo. Bendi ilisaini na Sire, kampuni kubwa, na ikiwa sasa ya watu watano ikaenda Austin, Texas, kurekodi Anodyne, iliyotoka mwaka 1993. Walipiga wote kwa pamoja, moja kwa moja, bila kurudi kubandika vipande baadaye. Anodyne maana yake ni dawa ya kutuliza maumivu, lakini maumivu ya ndani ya bendi hayakutulia. Tweedy alikuwa ameanza kutunga na kuimba karibu sawa na Farrar, na wawili hao walikuwa hawaongei vizuri. Januari 1994 Farrar alitangaza kwamba anaondoka. Walimalizia maonyesho yaliyobaki, na la mwisho lilikuwa tarehe 1 Mei 1994 St. Louis, katika ukumbi wa Mississippi Nights, karibu kabisa na nyumbani.

Hawakuwahi kuwa na wimbo uliotamba redioni. Jina likakua baada ya kifo cha bendi. Mwaka 1995 Grant Alden na Peter Blackstock walianzisha jarida la muziki huu, wakaliita No Depression. Chini ya jina waliandika kwamba ni jarida la kantri mbadala, kisha wakaongeza kwa utani: vyovyote itakavyokuwa hiyo. Sijaona tafsiri ya dhana hii iliyo ya kweli kuliko utani huo.

Mwaka huo huo kila upande ulitoa albamu yake. Farrar alimrudisha Heidorn, akaunda Son Volt, wakatoa Trace, albamu ya barabara ndefu na redio za usiku. Tweedy alibaki na wengine wote, wakajiita Wilco, wakatoa A.M. Wakati ule wengi waliona Farrar ameshinda, na kwa albamu hizo mbili peke yake nami nakubali. Lakini Farrar alikaa na kantri, Tweedy akaihama. Kufikia Yankee Hotel Foxtrot, Wilco walikuwa na milio ya redio za mawimbi mafupi na ngoma zilizovunjwavunjwa. Kampuni yao, Reprise, iliikataa albamu hiyo mwaka 2001. Bendi ikaondoka na kanda zake, ikaiweka kwenye tovuti watu wasikilize bure, kisha mwaka 2002 ikatolewa na Nonesuch, ambayo ilikuwa chini ya mwavuli ule ule wa Warner. Yaani mfuko mmoja uliilipia mara mbili.

Je, Wilco bado ni kantri mbadala? Kwa mlio, hapana. Kwa ukaidi, bila shaka. Siku hizi sehemu kubwa ya muziki wa aina hii huuzwa kwa jina la Americana, na Grammy zikaupa tuzo yake ya albamu kuanzia sherehe ya mwaka 2010. Jina hilo ni la heshima zaidi na limeuacha ugomvi nje.

Kama una dakika chache, tafuta rekodi ya Carter Family ya mwaka 1936, uisikilize, kisha uweke ya Uncle Tupelo ya mwaka 1990. Halafu chagua wimbo wowote wa kantri uliotamba redioni Marekani mwaka huo wa 1990, uuweke wa tatu, useme mwenyewe upi kati ya hiyo mitatu ndio mbadala.