Valvu ya kaiti inavuja? Tafuta kwanza, gundi baadaye

Mtu akiniletea kaiti, lile tanga la kujazwa upepo linalomvuta mtu juu ya ubao majini, hapa Paje, Zanzibar, na kuniambia "fundi, valvu imekufa", simbishii, lakini valvu siigusi. Naijaza upepo kaiti nzima, nafunga klipu za vipaipu vinavyounganisha bomba la mbele, lile nene la ukingoni, na mbavu, yale mabomba membamba yanayoikatiza kaiti, naiacha kivulini. Klipu zikishafungwa, kila tyubu, yaani mfuko wa plastiki unaoshika upepo ndani ya kitambaa, inajitegemea. Baada ya saa moja napita nikibonyeza. Ubavu mmoja ukilegea na mingine imekaza, tatizo liko humo humo. Likilegea bomba la mbele peke yake, ndipo nazigeukia valvu kubwa, ya kujazia na ya kutolea upepo.

Hapo inakuja sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya maji kidogo. Paka kwenye kifuniko, kuzunguka shina la valvu, na ncha zote mbili za kila kipaipu. Vipaipu husahaulika sana, na ndivyo vinavyopasuka pale vinapobanwa na valvu. Subiri uone vipovu vidogo vinatoka sehemu moja bila kukatika.

Vikitoka mdomoni mwa valvu, huenda ni mchanga. Mchanga wetu wa Paje ni laini kama unga, na punje moja ikikaa chini ya kile kilimi kinachozuia upepo usirudi, hakizibi tena. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pitisha brashi laini. Usichokonoe kwa spoku.

Vipovu vikitokea kwenye shina, valvu imebanduka kutoka kwenye tyubu. Hii ni kazi ya jua. Kaiti iliyojazwa ikaachwa ufukweni saa saba mchana, upepo wa ndani unatanuka, plastiki inalainika, gundi inaachia. Waalimu wa kaiti wanalijua hili, na bado kila siku naona kaiti zimepangwa juani kama samaki wa kuanikwa.

Kabla hujavuta tyubu nje, funga kamba ndefu kwenye ncha zake, ibaki ndani ya kitambaa na kukuongoza wakati wa kurudisha. Weka alama upande wa juu. Tyubu ikiwa nje, jaza upepo kidogo tu: presha hubebwa na kitambaa cha nje, na bila hicho tyubu inatanuka hadi inaharibika.

Valvu ya zamani ipashe moto kwa draya ya nywele, bandua taratibu kuanzia ukingoni. Ondoa gundi yote iliyobaki, futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Kwa valvu mpya yenye gundi yake, linganisha tundu na tundu, kandamiza kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko, kisha iache saa 24. Solusheni ya baiskeli haifai, maana tyubu hii si ya mpira kama ya baiskeli. Supaglu ni mbaya zaidi: inakauka ikawa ngumu, tyubu ikikunjwa inapasuka, na fundi anayefuata anakuta uso ulioharibika.

Wengi hupoteza kazi yao wakati wa kurudisha. Paka tyubu poda ya mtoto, vuta kwa ile kamba, hakikisha haijajisokota. Jaza kidogo kabla ya kufunga zipu, tikisa, kisha angalia kila valvu imekaa katikati ya tundu lake kwenye kitambaa. Ikiwa imevutwa upande mmoja, kila ukijaza upepo unaibandua upande huo huo, na utalaumu gundi bure.

Jambo hili silichukulii mzaha. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili hataza ya kaiti ya kujazwa upepo mwaka 1984, walitaka kaiti iliyoanguka majini ielee na iweze kurushwa tena. Bomba la mbele likilegea ukiwa nje karibu na mwamba, hairuki.

Tyubu iliyobanduka valvu mbili au tatu kwa mpigo mimi siitengenezi. Plastiki yenyewe imeshachoka na jua. Nunua tyubu mpya, na valvu zake utazikuta zimeshabandikwa kiwandani.