Mashine ya makasia ya nyumbani: kitambaa kwanza, spana baadaye

Kati ya vifaa vyote vya mazoezi ninavyoitiwa majumbani hapa Dar es Salaam, mashine ya kupiga makasia ndiyo inayonipa kazi nyepesi kuliko zote. Haina mota ya kuungua, haina mkanda wa kukimbilia, haili umeme wa Luku. Mara nyingi naitwa nikabadilishe kipuri, nikifika naishia kuomba kitambaa na beseni la maji ya sabuni. Mengi kati ya hayo mwenye mashine anaweza kuyamaliza mwenyewe.

Nitaongelea zaidi mashine ya upepo, ile yenye feni kubwa mbele, mnyororo, na kiti kinachokwenda na kurudi juu ya reli. Concept2 wa Vermont, Marekani, wanaitengeneza tangu 1981, na ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Model D sasa inauzwa kwa jina la RowErg. Kampuni nyingine nyingi zimefuata umbo hilohilo, kwa hiyo hata kama yako ina jina tofauti, soma tu.

Reli ndiyo inayochafuka mapema. Jasho linadondoka, linachanganyika na vumbi na nyuzinyuzi za nguo, linakuwa utando mweusi. Magurudumu ya kiti yanaukanyaga mpaka unagandamana, na baada ya muda unasikia kiti kinadunda kila kikipita. Mama mmoja alinipigia simu: "Fundi, beringi za kiti zimekufa, niagizie mpya." Nikamwambia, "Mama, kabla hujatoa hela, pindua kiti uyakwangue magurudumu kwa ukucha." Zikatoka tabaka za uchafu kama nta. Beringi zilikuwa nzima kabisa.

Futa reli kila ukimaliza mazoezi, yote, mpaka pembeni na chini ambako magurudumu madogo yanapita. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha, au dawa ya kusafishia vioo. Waya wa kusugulia masufuria usiusogeze hapo, utaacha mikwaruzo. Jiki nayo iache chooni: klorini inakula hata kile chuma tunachosema hakishiki kutu. Tena reli haipakwi mafuta ya aina yoyote. Nimekuta reli zimepakwa grisi na watu wenye nia njema, na grisi hiyo imekusanya mchanga wa nyumba nzima.

Mafuta ni ya mnyororo. Utaratibu wa watengenezaji ni kuupaka kila baada ya saa 50 za matumizi, ambazo jimu yenye watu wengi huzifikia ndani ya wiki moja. Ukipiga makasia nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, saa 50 zinakuchukua wiki 20. Huku pwani siwezi kumshauri mtu asubiri wiki 20. Upepo wa bahari una chumvi, madirisha yetu yako wazi muda wote, na mnyororo uliopakwa nikeli bado unashika kutu pale nikeli ilipochubuka. Mimi nasema mara moja kwa mwezi, na baada ya masika uutazame kwa makini zaidi, hasa kipande cha karibu na mpini kinachodondokewa na jasho la mikono.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Chukua oili safi ya injini ya 20W au mafuta mepesi ya mashine, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, uloweshe kitambaa. Mtu mmoja avute mpini mpaka mwisho, wewe upitishe kitambaa kwenye mnyororo wote, pande zote, huku ukiubana kwa vidole. Uache dakika chache mafuta yaingie kwenye pingili, kisha futa yote yaliyobaki juu. Mnyororo ukikuchafua mkono, hujaufuta vya kutosha. Aliyeshika mpini asiuachie ukarudi kwa kasi, unaweza kugonga skrini na kuivunja. Na zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizokwama, WD-40 na wenzake, si za kazi hii. Zinayeyusha mafuta yaliyomo ndani ya pingili. Mnyororo utang'aa leo na baada ya siku chache utaanza kulia.

Wakati unapitisha kitambaa, sikiliza vidole vyako. Pingili nzima inajikunja kwa uhuru. Iliyokufa inabaki imepinda kama kidole chenye baridi yabisi, na ikiingia kwenye meno ya gia inatoa mlio mmoja mdogo kwa kila mvuto. Jaribu mafuta kwanza. Kama bado ni ngumu, hapo sasa nunua mnyororo mpya.

Sasa feni, ambayo watu wengi hawaikumbuki kwa sababu imefunikwa. Kila unapovuta, feni inavuta hewa ya chumbani, na vumbi linaloingia nayo linanasa kwenye wavu wa chuma uliomo ndani ya kifuniko. Matundu yakiziba, hewa inapungua na mashine inakuwa nyepesi. Mtu anafurahi kwamba amepata nguvu, anasogeza kile kidhibiti cha hewa kilicho pembeni mwa feni, chenye namba 1 hadi 10, kutoka 4 hadi 6, baadaye 8.

Kuna namba ya kukuambia ukweli. Kwenye PM5, ile skrini ya mashine za Concept2, ingia kwenye chaguo la ziada, tafuta palipoandikwa Drag Factor, kisha vuta mara kadhaa. Hicho ni kipimo cha jinsi hewa inavyolipinga gurudumu la feni, na wapigaji wengi wanajisikia vizuri kati ya 110 na 130. Weka kidhibiti kwenye 10 usome tena. Mashine safi usawa wa bahari hupata karibu 200 au zaidi. Andika namba hiyo kwa kalamu siku mashine ikiwa mpya, kisha linganisha kila baada ya miezi michache. Ikishuka sana, wavu umeziba. Wa Nairobi msishtuke: kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari hewa ni nyepesi, namba yenu itakuwa chini hata mashine ikiwa safi. Muda wako wa mita 2,000, umbali ambao wapigaji hujipimia, hauharibiki, maana skrini inapima upya upinzani huo kila gurudumu linapopunguza mwendo, na kuuingiza kwenye hesabu. Kinachopotea ni ule ugumu wa juu kabisa wa kuvuta tu.

Kusafisha, fungua kidhibiti hadi 10, mulika tochi kwenye uwazi ule uone hali ilivyo, kisha pitisha mashine ya kufyonza vumbi juu ya matundu huku ukizungusha gurudumu taratibu. Vumbi likiwa limeshikana kama sufi, ndipo kifuniko kifunguliwe kwa bisibisi.

Mpini ukilegea na kushindwa kurudi wenyewe mpaka mbele, tatizo ni kamba ya mpira iliyomo ndani. Inakazwa, lakini ukishaikaza vuta mpini mpaka mwisho wa reli, ukigoma, umezidisha. Njia ya kuifanya kamba hiyo idumu ni kutouacha mpini kwenye ndoano ukimaliza. Urudishe kabisa kwenye feni ili mpira upumzike.

Wenye mashine ya tangi la maji mna shida moja kubwa, maji kugeuka kijani. Iondoeni dirishani penye jua, mweke kidonge cha klorini kilichotajwa na mtengenezaji, na si dawa ya bwawa la kuogelea. Zile zinazotumia sumaku badala ya feni kazi yake ni kukaza nati na kutazama mkanda kama umeanza kuchanika.

Skrini ya PM5 inatumia betri mbili kubwa za tochi, saizi D, na gurudumu likizunguka inajipatia umeme wake. Ukisafiri kwa muda mrefu zitoe. Zikivujia ndani, kusafisha vile vyuma vya kugusia betri ni kazi ngumu kuliko yote niliyoyataja hapa.