Nyaya za Umeme: Zifukiwe Ardhini au Zibaki Nguzoni?

Februari 1998, katikati ya jiji la Auckland huko New Zealand, umeme ulizimika bila upepo, bila mvua na bila nguzo hata moja kuanguka. Eneo lile la maofisi na maduka lilitegemea kebo nne kubwa zilizofukiwa ardhini, mbili kati yake zikiwa na umri wa miaka 40 hivi. Kiangazi kilikuwa kikali, udongo ukakauka, na udongo mkavu haupitishi joto vizuri. Kebo ya kwanza ilizima Januari, ya pili ikafuata mwanzoni mwa Februari, mzigo ukazielemea mbili zilizobaki, na ilipofika tarehe 20 hakukuwa na iliyopona. Kwa wiki tano maduka yaliendeshwa kwa jenereta na wafanyakazi wengi wakahamishiwa kwingine. Kilichoumaliza mgogoro ule ni laini ya dharura iliyopitishwa juu, kwenye nguzo.

Nimeanzia huko mbali makusudi, maana huku kwetu kila masika yakianza, nguzo zikalala na matawi yakakatika, swali linaloulizwa ni lile lile: kwa nini nyaya zote zisifukiwe tukapumzika? Ni swali la haki. Jibu langu, kama mhandisi wa usambazaji umeme, ni kwamba kebo ya ardhini hupunguza idadi ya mara umeme unapokatika, lakini ikiharibika, giza lake huwa refu. Urefu wa giza hilo hutegemea mambo mawili: kama ipo njia ya pili ya kupitishia umeme, na kama yupo mtu anayejua kebo imepita wapi.

Laini ya nguzoni ni waya mtupu, mara nyingi wa alumini. Kinachouzuia umeme usivuje ni hewa iliyouzunguka, pamoja na vikombe vinavyoushikilia kwenye nguzo. Hewa ni ya bure, na ina sifa moja nzuri sana: ikipasuliwa na cheche, hujirudi yenyewe. Kuti la mnazi likiangukia nyaya mbili za kilovolti 11, hutokea mwako, swichi ya kituoni inakata, kuti linaungua au kudondoka, na baada ya sekunde chache swichi inajirudisha. Nyumbani mmeona taa zimepepesa na friji imenguruma upya, basi. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za namna hiyo. Zinazobaki, kama nguzo iliyoliwa na mchwa au waya uliokatika, huonekana kwa macho: mafundi wanaifuata laini kwa gari, wanaona, wanapanda, wanafunga.

Kebo ya ardhini haina hewa ya kujirudi. Waya wake umevikwa plastiki maalumu, juu yake tabaka jembamba la shaba au alumini, kisha ganda la nje. Plastiki hiyo ikishatobolewa na umeme, imetoboka moja kwa moja. Hapo swichi ya kujirudisha haina msaada wowote. Kulazimisha umeme kwenye kebo iliyotoboka ni kulipanua tundu.

Kulitafuta tundu lenyewe ni kazi ambayo watu wengi hawajawahi kuishuhudia. Kwanza kebo inatengwa pande zote mbili na kupimwa ili kujua ni fezi ipi imevuja. Kisha chombo hutuma mpigo mdogo ndani ya kebo na kupima muda unaotumia kurudi, nacho kinatoa jibu, tuseme mita 640. Hizo ni mita 640 za kebo, si za barabara, na kebo huzunguka mti, hukwepa karo, huachiwa kitanzi cha akiba. Kwa hiyo linaletwa gari lenye mashine ya mishtuko. Kila baada ya sekunde chache mashine inaachia umeme wa nguvu kwenye kebo, na pale palipotoboka ardhi inatoa mlio mzito, kama mtu anayepiga mlango teke kutoka ndani. Fundi anatembea juu yake na kinasa sauti cha ardhini, spika masikioni, akisogea hatua kwa hatua hadi anapopata mahali mlio unapozidi kuliko kwingine kote. Kazi hii hunoga usiku, kwa sababu mchana daladala na bodaboda hazimwachi asikie kitu.

Akishapapata, lami inakatwa, na shimo linachimbwa kwa mkono ili kebo jirani isijeruhiwe. Kipande kibovu kinatolewa, kipya kinaungwa kwa jointi mbili. Jointi ikiingiwa na mchanga au unyevu, hapo ndipo patakapotoboka safari ijayo, hivyo mvua ikinyesha kazi hufanywa chini ya turubai au husubiri. Ukarabati ambao juu ya nguzo ungekuwa wa saa chache, chini unaweza kula siku mbili tatu. Kwa kebo za msongo mkubwa, yaani zenye volti nyingi, hesabu wiki.

Ndipo linapoingia suala la njia ya pili, na Wazanzibari hawahitaji kuhadithiwa. Unguja ilikuwa ikipata umeme wa gridi kwa kebo moja ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, iliyolazwa mwaka 1980 na yenye uwezo wa megawati 45. Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, na umeme ukarudi Machi 2010. Taa ilikuwa shida ndogo. Pampu za maji zilisimama, samaki wakakosa barafu, na hoteli zikaishi kwa dizeli. Kebo nyingine, ya megawati 100, iliwekwa mwaka 2013 kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Kebo ya baharini ina mambo yake tofauti na ya mtaani, lakini anayetegemea njia moja iliyofichika yuko katika hali ile ile, iwe chini ya maji au chini ya lami.

Watu hunitajia Ujerumani na Uholanzi. Ni kweli, Uholanzi imefukia karibu laini zake zote za msongo mdogo na wa kati, na Ujerumani imefukia sehemu kubwa. Mteja wa kawaida wa Ujerumani hukosa umeme kwa dakika kama 10 hadi 15 tu kwa mwaka. Ila chini ya mitaa ile kebo za msongo wa kati hupangwa kwa pete. Transfoma ya mtaa hulishwa kutoka pande mbili. Kipande kikiharibika kinatengwa, umeme unaletwa kutoka upande wa pili, na mafundi wanachimba kwa utulivu huku wateja wakiwa na umeme wao. Ukifukia kebo moja isiyo na pete, umelipia sehemu ghali ya mfumo wa Wajerumani na kuacha ile yenye faida.

Kuhusu gharama, laini ya usambazaji ya ardhini huzidi ya juu mara kadhaa, na kwenye maeneo magumu inaweza kufika mara 10. Kebo yenyewe siyo inayokula fedha nyingi. Fedha huenda kwenye mtaro, kukata na kurudishia lami, kuvuka mifereji, kushusha transfoma na swichi kuziweka ndani ya makasha, na kubadilisha waya unaoingia kila nyumba. Kampuni ya umeme ya PG&E ya California ilitangaza mwaka 2021 kwamba itafukia maili 10,000 za laini, yaani kama kilomita 16,000, na gharama imekuwa ikizungukia dola milioni 3 kwa maili moja. California wana sababu nzito: moto wa Novemba 2018 uliouteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85 ulianzia kwenye laini ya juu ya umeme. Hata hivyo fedha hizo hulipwa na wateja kupitia bei ya umeme, nao wanalalamika.

Kwetu mfuko ni huo huo mmoja unaopeleka nguzo vitongojini. Kwa hiyo mimi siungi mkono kufukia laini za mtaa wenye bustani nzuri kwa ajili ya kupendezesha macho tu, wakati ipo familia inayoangalia laini ikipita juu ya paa lake bila kuunganishwa. Tena uzuri wenyewe mara nyingi haupatikani: umeme unashuka chini, nguzo zinabaki zimebeba nyaya za intaneti na taa za barabarani.

Yako maeneo ambako sibishani kabisa. Mitaa kama ya Kariakoo, au vichochoro vya Mji Mkongwe, haina nafasi ya laini kuachana na ukuta. Sababu kubwa kwangu ni nondo. Fundi yuko ghorofa ya pili, anapokea nondo ya mita 12 kutoka chini, anaigeuza ili iingie kwenye nguzo ya jengo, na ncha ya pili inazunguka kuelekea laini ya kilovolti 33 iliyo mbele ya jengo. Si lazima iguse. Kusogea tu karibu kunatosha umeme kuruka. Pale ambapo maghorofa yameshasimama ukingoni mwa barabara, kebo ya ardhini inaokoa maisha, na fedha yake ina maana. Naongeza hospitali kubwa na ukanda wa pwani ambako chumvi hugandamana kwenye vikombe hadi umeme ukaanza kuvuja juu yake.

Bondeni ni habari nyingine. Kebo nzuri hustahimili maji, ila makasha ya swichi na transfoma zilizoshushwa chini hayastahimili. Manhattan ilianza kufukia nyaya baada ya dhoruba kubwa ya theluji ya 1888, na mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipoisukuma bahari hadi ndani ya kituo cha kupozea umeme, sehemu yake ya kusini ilizima kwa siku kadhaa. Anayelijua bonde la Msimbazi mvua zikikolea ataelewa kwa nini nasitasita.

Na zile laini kubwa za minara? Ziache. Umeme tunaotumia hugeuka mwelekeo daima, na kebo ndefu ya msongo mkubwa hutumia uwezo wake mwingi kujichaji na kujimwaga yenyewe. Ikipita makumi kadhaa ya kilomita bila mitambo ya kufidia, kinachobaki cha kumfikia mteja ni kidogo. Ndiyo maana umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unakwenda Chalinze kwa laini ya juu ya kilovolti 400, umbali wa kilomita kama 160. Wajibu wetu hapo ni kuuheshimu mkuza wa laini, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa chini yake, na kutojenga ndani yake.

Kwa mitaa mingi iliyobaki, dawa ipo katikati, na imeshaanza kuonekana: nyaya nyeusi zilizovikwa plastiki na kusokotwa pamoja juu ya nguzo. Kuti likiangukia hapo linakaa tu hadi fundi aje kulitoa. Kujiunganishia umeme kwa ndoano nako kunakuwa kugumu. Ukiongeza nguzo za zege mahali penye mchwa na kupogoa miti kabla ya masika, sehemu kubwa ya giza la mvua inaondoka kwa gharama ndogo sana kuliko ya mtaro. Tatizo ni kwamba hakuna anayekata utepe kuzindua upogoaji wa miti.

Kama mtaa wenu umepangiwa kufukiwa, ulizeni kwenye kikao mambo haya: transfoma yetu italishwa kutoka pande ngapi, ramani ya kebo itatunzwa na nani, na kampuni za maji na intaneti zitaipataje kabla ya kuchimba. Kijiko cha kuchimbia kina uwezo wa kumaliza kwa dakika moja kazi ya miezi. Kebo ikilazwa kwa utaratibu, juu yake huwekwa mchanga laini, vigae au matofali, kisha utepe wa tahadhari. Ukichimba msingi au shimo la choo ukakutana na utepe huo, simama hapo hapo, usiendelee kwa sululu, piga simu ya dharura ya shirika la umeme.

Na kama barabara ya mtaani kwenu ndiyo kwanza inatengenezwa, mwambieni diwani mapema: mabomba matupu ya kupitishia kebo yalazwe kabla ya lami, hata kama kebo zenyewe zitakuja baada ya miaka 10.