Ubao mnene siyo ubao imara, tafadhalini

"Fundi hii nene, hii haivunjiki." Nimeisikia tena juzi. Mtu kaniletea kipande cha mlango wa zamani, unene sentimita 3, kigumu ajabu, anataka nimkatie skeitibodi ndogo, ule ubao wa magurudumu manne wa kusimama na kuteleza nao. Nikakigeuza nikaangalia nyuzi za mti, zote zinakatiza upana, nikamwambia hapana. Akaenda kukatiwa kwingine, akarudi na vipande viwili: kimepasuka mstari mmoja umenyooka, kutoka tundu la bolti mpaka tundu la pili kwenye ekseli ya nyuma.

Jamani, ufa unafuata nyuzi, haujali unene! Skeitibodi ya dukani kwa kawaida ubao wake ni matabaka 7 ya mepo, mti mgumu, yaliyogandishwa kwa gundi, unene wote kama milimita 11 hivi, na mtu mzima anaruka nao kutwa nzima, kwa sababu matabaka mengi yanalala kwa urefu na machache yanakatiza, ufa ukianza unakosa njia. Na mbao chakavu ni hivyohivyo, nyuzi ziende toka pua (ncha ya mbele) mpaka mkia (ncha ya nyuma), vifundo vikae mbali na matundu, na kama ni kipande kimoja kizima mimi lazima nikibandike plaiwudi chini, hapo sibishani na mteja. Halafu huo unene wenu, bolti za kawaida za inchi moja hata hazitokei upande wa pili.

Eti plaiwudi yenye grafiti, ile michoro ya ukutani ya rangi ya kupuliza, unapiga msasa tu? Chini ya rangi hiyo kunaweza kuwa na rangi kuukuu yenye madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, kwa hiyo mbao ya kabla ya hapo itilie shaka, vumbi lake ni sumu. Mchoro mimi siukwangui, naufunika na vanishi, tena unakaa upande wa chini maana juu panabandikwa msasa wa kukanyagia, msiniombe uonekane juu.

Paleti, zile fremu za mbao za kupakilia mizigo, nazo siyo zote sawa. Muhuri wa HT maana yake imepashwa moto, chukua. MB imefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, iache hapohapo. Na pitisha sumaku kabla ya randa, kila mara, msumari mmoja uliojificha unaharibu kisu.

Na hii ya "skeitibodi ndogo ni ya watoto wanaojifunza", hapana, ekseli zikikaribiana ubao unakata kona haraka na mwendo ukizidi unatetemeka, anayejifunza apewe mrefu.