Je, wajua? Kubadili kilomita kuwa mita kunaweza kukipa kijiji ndugu wapya

Tuseme ripoti ya utafiti imefika ofisi ya kata, huku kwetu Kigoma. Vijiji vimegawanywa makundi manne. Kijiji cha ziwani kimetenganishwa na jirani yake wanayeonana kwa macho, kikawekwa pamoja na kijiji cha milimani Buhigwe ambako hakuna hata mtumbwi. Wazee watauliza: hawa wametuona tunafanana wapi?

Wana haki ya kuuliza. Kompyuta haijui ramani wala haijui nani kaoa kwa nani. Kwake, kijiji ni mstari wa namba: kaya ngapi zinavua, ngapi zinakamua mawese, lami iko umbali gani. Kazi yake ni kupima mistari hiyo imeachana kiasi gani, kisha kuweka pamoja iliyokaribiana. Hesabu yenyewe ni ile ya Pythagoras tuliyosoma sekondari: chukua tofauti, zipige kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Huo ndio uchanganuzi wa makundi.

Njia zake ni nyingi. Moja, iliyopewa jina la k-means na James MacQueen mwaka 1967, inataka uitajie idadi ya makundi. Inaweka vitovu, kila kijiji kinakwenda kwenye kitovu cha karibu, kitovu nacho kinahamia kwenye wastani wa vijiji vyake. Inarudia hivyo mpaka hakuna anayehama. Nyingine, ya Joe Ward ya mwaka 1963, inaanza kila kijiji kikiwa peke yake, inaunganisha kidogo kidogo hadi mkoa mzima unakuwa mti mmoja, kama mti wa ukoo. Mtafiti anaamua aukate wapi.

Sasa kazi inapoharibika. Chukua vijiji vitatu vya kubuni. Mwaloni: kaya 70 katika kila 100 zinavua, lami iko kilomita 10. Mitumbwini: kaya 60, kilomita 40. Michikichini: kaya 20, kilomita 12. Ukipima kwa kilomita, Mwaloni na Mitumbwini wameachana kwa takriban 32, Mwaloni na Michikichini kwa 50. Wavuvi wamekutana, sawa. Andika umbali uleule kwa mita: Mwaloni na Mitumbwini wanaachana kwa 30,000, na Michikichini kwa 2,000 tu. Ghafla mvuvi kawa ndugu wa mkamua mawese, na hakuna aliyehamisha hata jiwe! Namba kubwa imemeza uvuvi wote.

Dawa yake ni kuviweka vipimo vyote kwenye mizani moja: toa wastani, gawanya kwa mchepuko sanifu, yaani kiasi ambacho namba kwa kawaida zimetawanyika kutoka kwenye wastani. Ukifanya hivyo hapa, Mwaloni inakuwa 2.24 kutoka Mitumbwini na 2.32 kutoka Michikichini. Karibu sare. Mimi jibu hili ndilo naliamini, ingawa halipendezi kwenye ripoti.

Kuna jambo ambalo mizani haitibu. Nenda mwaloni Kibirizi, pale samaki wanaposhushwa, uangalie akina mama wakichambua dagaa. Vidole vinapita haraka, migebuka wachanga walioingia wavuni wanatupwa pembeni. Hapo wanachambua kwa aina ya samaki. Akija mnunuzi, mafungu yanapangwa upya: waliokaushwa kwenye chanja huku, waliokaushwa mchangani kule, kwa sababu bei si moja. Dagaa ni walewale, kilichobadilika ni swali. Mtafiti naye akiingiza uvuvi na mawese anapata mafungu yake, akiingiza zahanati na visima anapata mengine.

Tena yule mama fungu likiwa la aina moja atakwambia hakuna cha kuchambua. Kompyuta haisemi hivyo. Uiombe makundi manne, itakupa manne, hata kama vijiji vyote vinafanana kama punje za mchele. Kwa hiyo ripoti ikifika, waulize: mlipima nini, kwa kipimo gani, na kwa nini manne? Waulize pia kama walirudia hesabu. Ile njia ya vitovu kwa kawaida huanza kwa kubahatisha vitovu vikae wapi, na ukiianzisha upya mara kadhaa, vijiji vilivyo katikati kabisa ya kundi mara nyingi hutulia palepale. Vinavyohama zaidi ni vya mpakani, vya aina ya Mwaloni.